SOMO: Kumfundisha mwanafunzi kutafuta habari za kuaminika (mfano wetu ni vita vya Maji Maji, wenyeji dhidi ya Wajerumani)

Walimu wenzangu habari za majukumu. Kuna walioniuliza hili somo naliendeshaje kwa kidato cha tatu, sasa naliweka hapa lote. Tunawajua vijana wetu, ukimwambia kafanye utafiti anagugo, anachukua jibu la juu kabisa, anakopi na kupesti mpaka tangazo la pembeni nalo limo kwenye daftari 😂

Hatua ya 1. Wape swali dogo lenye ubishi. Usiseme "tafuteni habari za vita vya Maji Maji", hapo umewapa uwanja wa kukopi. Mimi nauliza hivi: vita vya 1905 hadi 1907 viliua watu wangapi?

Hatua ya 2. Waache watafute wenyewe kwanza, usiwaongoze. Kila atakayerudi na namba aiandike ubaoni kwenye safu tatu: namba, nani kasema, kasema lini. Hapa ndo utamu ulipo maana safu ya kwanza inajaa dakika mbili tu, ya pili wanaanza kukuna vichwa, "mwalimu imeandikwa tu kwenye mtandao". Na mtandao ni nani? Wakileta tovuti tatu zenye sentensi ileile neno kwa neno waambie huyo ni shahidi mmoja, sio watatu, wamekopiana.

Hatua ya 3. Fuateni namba mpaka kwa mwenyewe. Mtakuta 75,000, hiyo ni hesabu ya serikali ya Wajerumani. Halafu mtakuta 250,000 hadi 300,000, hayo ni makadirio ya wanahistoria kina Gilbert Gwassa, na yamepanda hivyo kwa sababu waliokufa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala nao wamo, na hao ndo walikuwa wengi. Sasa uliza darasa, aliyehesabu alikuwa wapi na alikuwa na maslahi gani? Gavana von Götzen aliyezima vita aliandika na kitabu chake kabisa 1909. Alikuwepo, kwa hiyo tunamsoma, ila tunamsoma tukijua ni nani. Upande wa pili kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao mwaka 1968 walienda vijijini kuwahoji wazee, na wazee nao wana yao, miaka 60 na kitu imeshapita, kuna yaliyosahaulika na kuna yaliyoongezwa chumvi.

Hatua ya 4. Pa kutafutia. Wikipedia ruksa kuanzia, ila washuke chini kwenye marejeo wakafungue chanzo chenyewe. Kwenye gugo waongeze site:ac.tz wapate za vyuo, au site:go.tz za serikali. Ila msije mkawafundisha kwamba go.tz ni msahafu, serikali nayo ina upande wake, waulize hao Wajerumani.

Hatua ya 5. Chanzo kiandikwe palepale, jina, mwaka, ukurasa. Akisema ataandika baadae hataandika.

MASWALI

Swali: Mwalimu huku kwetu hakuna kompyuta na simu haziruhusiwi, tunafanyaje?
Jibu: Vitabu viwili vya waandishi tofauti vinatosha kabisa, walinganishe ukurasa kwa ukurasa. Au printi kurasa chache ugawe kwa makundi. Walio Ruvuma nyie mna bahati, makumbusho ya Maji Maji iko hapo Songea, wapelekeni.

Swali: Wangu wote wanatumia ChatGPT, nikatae?
Jibu: Utakataa shuleni, nyumbani je? Mimi nawaambia waiombe majina ya vitabu vitano, halafu watafute kimoja kimoja kama kipo. Mara nyingine unakuta mwandishi ni wa kweli ila kitabu hajawahi kukiandika. Mtoto akishuhudia hilo mwenyewe huna haja ya kumhubiria.

Swali: Na mtihani je? Si unawachanganya, msahihishaji anataka jibu moja.
Jibu: Kwenye mtihani aandike ya kitabu cha kiada, ila ataje ni makadirio ya nani. Kwenye swali la insha akiweka zote mbili na sababu ya kutofautiana sioni msahihishaji wa kumnyima maksi.

Swali: Vipindi vingapi?
Jibu: Viwili vya dabo, hatua ya 2 peke yake inakula kimoja.