Kupima kani inayozungusha kitu: kizibo, uzi na washa

Kitu kinachozunguka kwa kasi isiyobadilika bado kinachapuka, kwa sababu mwelekeo wake unabadilika kila wakati. Mchapuko huo ni v² ÷ r, v ikiwa kasi na r nusu kipenyo cha duara, na unaelekea kitovuni. Christiaan Huygens aliichapisha kanuni hii mwaka 1673. Kwa hiyo kitu chenye masi m kinahitaji kani ya m × v² ÷ r ili kibaki kwenye duara, na kani hiyo unaweza kuipima kwa vyuma vichache unavyoweza kuvihesabu mkononi.

Tafuta kizibo cha mpira cha gramu 20 hivi. Kama maabara ya shule haina, bushi ndogo ya mpira kutoka maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, inafaa sana maana tayari ina tundu, ila hakikisha haina chuma ndani. Utahitaji pia mita 1.5 za uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ganda la plastiki la kalamu ya wino, selotepu, klipu ya karatasi, na washa za chuma, yaani zile pete bapa zinazotiwa chini ya nati. Usipime washa moja moja kwa mizani ya jikoni. Pima 10 pamoja, ugawanye. Masi ya klipu ijumlishwe na ya washa, kwani nayo inaning'inia.

Sugua ncha ya juu ya ganda kwa msasa laini mpaka kidole kisihisi makali. Ukiharakisha hapa utajuta baadaye: ukingo mkali hukwaruza uzi, msuguano ukaharibu vipimo, na mwishowe uzi hukatika. Pitisha uzi ndani ya ganda, funga kizibo juu na klipu yenye washa chini. Vuta uzi mpaka kuwe na sm 60 kutoka ncha ya ganda hadi katikati ya kizibo, kisha bandika selotepu kwenye uzi, sm 1 chini ya ganda. Hiyo ndiyo alama yako.

Fanyia kazi hii uwanjani, si kwenye roshani ya ghorofa. Anayezungusha avae miwani ya kukinga macho na wenzake wasimame mita 5 au zaidi. Usiweke jiwe wala nati mahali pa kizibo.

Shika ganda wima juu ya kichwa, uzungushe kizibo katika duara la mlalo. Duara la wima halifai hapa, kwa sababu kizibo hupungua kasi kikipanda na kuongeza kikishuka. Ukizidisha kasi alama itapanda, ukipunguza itashuka. Tafuta mwendo unaoiacha palepale bila kugusa ganda: hapo uzito wa washa na klipu ndio kani inayovuta kizibo kitovuni. Alama ikigusa, ganda ndilo linalobeba sehemu ya kani, na uzito wa washa hauna tena maana.

Mwenzako apime muda wa mizunguko 20 kwa stopuwachi ya simu, akianza kuhesabu na sifuri. Anayeanza na moja amepima mizunguko 19: muda unapungua kwa 5%, na kwa kuwa hesabu inatumia mraba wa muda, kosa linakuwa karibu 10%. Kupima mzunguko mmoja ni kazi bure, kwani kidole chenyewe huchelewa sekunde 0.2 hivi.

Tuseme kinachoning'inia ni gramu 100. Kani ni 0.100 × 9.8 = 0.98 N (nyutoni). Kwa kizibo cha gramu 20, mchapuko ni 0.98 ÷ 0.020 = 49 m/s², mara tano ya ule wa kitu kinachoanguka. Kasi ni kipeuo cha pili cha 49 × 0.60, yaani 5.4 m/s, na mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.695. Mizunguko 20 itakaribia sekunde 13.9. Rudia kwa gramu 50, 150 na 200, nawe tarajia 19.7, 11.4 na 9.8. Ona kwamba kutoka gramu 50 hadi 200 kani imekuwa mara nne, lakini muda umepungua nusu tu.

Chora grafu ya 1 ÷ T² dhidi ya masi inayoning'inia, T ikiwa muda wa mzunguko mmoja. Mstari unapaswa kunyooka na kupita kwenye sifuri, ukiwa na mteremko wa karibu 20.7 kwa kila kilo. Usipopita sifuri, kwanza angalia kama uliisahau klipu, kisha angalia msuguano. Msuguano hufanya alama itulie kwa kasi kadhaa badala ya moja. Tafuta kasi ambayo inaanza kupanda, kisha ile ambayo inaanza kushuka, ukae katikati.

Huenda mwanafunzi makini akauliza: mbona uzi umeinama? Kizibo kina uzito, kwa hiyo uzi hauwezi kulala sawa kabisa. Kwa gramu 20 na 100 unainama karibu nyuzi 11.5. Uzuri ni kwamba mwinamo huo unapunguza nusu kipenyo na kani ya mlalo kwa uwiano uleule, vikafutana. Ndiyo maana unapima urefu wa uzi wenyewe, wala si umbali wa mlalo. Wengi husahihisha mwinamo upande mmoja tu wa hesabu, wakaharibu jibu lililokuwa sahihi.

Mwisho, ukiwa na uwanja mtupu, achia uzi. Kizibo hakikimbii kutoka kitovuni. Kinaondoka kwa tanjenti, kuelekea kule kilikokuwa kikienda wakati ule ule. Abiria anayebanwa ukutani matatu ikipiga kona ni hivyo hivyo: mwili unaendelea mbele, ukuta ndio unaomsukuma ndani. Kwa 36 km/h kwenye raundabauti ya nusu kipenyo cha mita 20, mchapuko ni 5 m/s², na abiria wa kilo 60 anahitaji 300 N. Kwa 18 km/h, 75 N zinatosha. Matairi yanahitaji kigezo cha msuguano (kani ya msuguano ikigawanywa kwa uzito) cha 0.51 kwa kasi ile ya kwanza. Lami kavu hutoa 0.7 hivi, lakini iliyolowa yaweza kushuka chini ya 0.5. Masi haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo kujaza abiria hakuifanyi gari ishike barabara zaidi.