Kukarabati Ngazi ya Mbao ya Nje na Reli Zake

Ngazi ya mbao iliyo nje ya nyumba hapa Dar es Salaam huandamwa na mvua, jua na mchwa, na kwa wanaoishi karibu na bahari, kama Kigamboni, huongezeka hewa ya chumvi inayokula misumari. Wakati mzuri wa kuikarabati ni kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza, kwa sababu rangi ikipakwa juu ya ubao uliolowa hufungia maji ndani na baadaye hubanduka.

Anza kwa kuchomachoma kwa bisibisi bapa kwenye tako la kila nguzo, kwenye viungo vya vidato (mbao za kukanyagia), na hasa pale ambapo mihimili miwili ya pembeni inakalia zege. Ubao mzima hukataa, ilhali uliooza huimeza ncha ya bisibisi. Gonga pia, kwani ubao ulioliwa na mchwa huweza kuonekana mzima usoni na bado ukalia kama debe tupu. Ukiona njia nyembamba za udongo zikipanda nguzo, tibu mchwa kwanza. Iwapo mhimili wenyewe umeoza, usijaribu kuuziba kwa puti: ndio unaobeba watu, na hiyo ni kazi ya seremala.

Kidato kilichooza king'olewe chote na kitumike kama kipimo cha kipya. Unene usibadilike, maana kidato kimoja kikizidi vingine kimo, mguu uliokwisha kuzoea ngazi hujikwaa. Mninga hudumu, ila bei yake si ya kila mfuko. Paini iliyotiwa dawa inatosha, mradi kila ulipokata upake dawa upya, kwa kuwa dawa ya kiwandani mara nyingi haifiki kwenye kiini. Toboa kwanza kwa drili, kisha funga kwa skrubu zisizoshika kutu. Kidato kikiwa cha mbao mbili, acha nafasi ya milimita 5 hivi katikati ili maji yapite.

Nguzo ya reli inayotikisika haiponi kwa kuongezewa misumari. Ifunge kwenye mhimili kwa bolti mbili zinazopenya upande hadi upande, moja juu na nyingine chini, zikiwa na washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) pande zote mbili, kisha uisukume kwa uzito wako ukiwa umesimama upande salama. Reli iwe na kimo kisichopungua sentimita 90, na nafasi kati ya vijiti isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite.

Wengi hapa mjini hupaka oili chafu. Sioni faida yake kwenye ngazi: huchafua nyayo, huteleza, na rangi haishiki juu yake. Piga msasa, futa vumbi, kisha paka rangi ya mafuta mikono miwili, yaani tabaka mbili, ukivishibisha zaidi vichwa vya mbao, pale zilipokatwa, maana huko ndiko maji huingilia. Mkono wa mwisho kwenye vidato ukiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa ili visiteleze, na usikanyage hadi ukauke kabisa.