Kabla hujafungua laptopu: mambo ya kuzingatia unapojiandaa kuseti injini ya injekta nyumbani

Kwenye kabureta, ukitaka kuongeza mafuta unabadilisha jeti au unasogeza sindano, na ukikosea unaona palepale kwa moshi au kwa sauti. Kwenye injekta mafuta hupimwa kwa muda. Nozeli hufunguka kwa milisekunde chache kisha hufunga, na urefu wa muda huo hutoka kwenye jedwali la namba lililomo ndani ya ECU, ile kompyuta ndogo ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Upande mmoja wa jedwali kuna mizunguko ya injini kwa dakika. Upande wa pili kuna kiasi ulichovuta resi, au shinikizo la hewa inayoingia. Laptopu inakuwezesha kuandika upya namba hizo, lakini haiwezi kukuambia kama ni sahihi. Hilo utalijua kwa vipimo, na vipimo havitakuwa vya kweli kama pikipiki yenyewe ina hitilafu. Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika laptopu ikiwa bado imezimwa.

Anza kwa kujiuliza kwa nini unataka kuseti. Kama umefunga ekzosi iliyo wazi zaidi, filta inayopitisha hewa nyingi, au umebadilisha kamshafti, basi injini inavuta hewa tofauti na ile iliyopimwa kiwandani na ramani ya mafuta, yaani lile jedwali la namba, inahitaji kuifuata. Lakini pikipiki ambayo haijabadilishwa kitu, iliyokuwa nzuri mwezi uliopita na leo inakohoa, haikuharibiwa na ramani. Namba hazichakai. Kinachochakaa ni plagi, pampu ya mafuta, nozeli iliyoziba, sensa ya joto, waya uliolika. Ukiongeza mafuta kwenye jedwali ili kufidia nozeli chafu, umeuficha ugonjwa, na siku nozeli ikisafishwa injini itakunywa mafuta kupita kiasi.

Kwa hiyo spana kwanza. Pima tapeti, yaani nafasi ya vali, injini ikiwa ya baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Usitegemee sikio hapa, kwa sababu kwenye injini nyingi vali hubana kadiri zinavyochakaa, na injini huzidi kuwa kimya huku hali ikizidi kuwa mbaya. Weka plagi mpya. Filta ya hewa iwe ileile utakayotembea nayo baadaye, tena iwe safi. Pima shinikizo la petroli: pikipiki nyingi za injekta huendeshwa kwa takriban bari 3, lakini namba ya kufuata ni ya kitabu chako. Kama injini ina silinda mbili au nne zenye vipepeo vyake vya hewa, visawazishe kwanza, maana jedwali moja haliwezi kutibu silinda mbili zinazopumua tofauti. Kagua mipira inayounganisha throto bodi na kichwa cha injini. Ufa mdogo kama unywele huingiza hewa ambayo ECU haina habari nayo. Na sensa ya kipepeo lazima isome sifuri sahihi resi ikiwa imeachiwa. Ikikosea hapo, ECU itachota namba kutoka kisanduku cha jirani kwenye jedwali kila wakati, na utakuwa unasahihisha sehemu isiyohusika.

Sasa ekzosi. Hapa naomba uende polepole, kwa sababu ndipo watu wengi hupotea. Sensa ya ekzosi haipimi mafuta. Inapima oksijeni iliyobaki baada ya kuungua. Chochote kinachoingiza hewa kwenye bomba kabla ya sensa kitaifanya iseme mafuta ni kidogo hata kama si kidogo. Niliwahi kutumia jioni mbili nikiongeza mafuta kwenye mizunguko ya chini, kila mara kipimo kikiniambia bado, hadi plagi zikatoka nyeusi kama mkaa. Tatizo lilikuwa gaskiti ya ekzosi kwenye kichwa cha injini, iliyokuwa ikivuta hewa kila moshi ulipotoka na kuacha utupu nyuma yake. Gaskiti mpya ilirekebisha kipimo bila mimi kugusa hata namba moja.

Pikipiki nyingi pia zina mfumo wa kupeleka hewa safi kwenye ekzosi kwa makusudi, ili kuunguza mabaki ya mafuta na kupunguza sumu kwenye moshi. Utauona kama mpira unaotoka kwenye boksi la filta na kushuka hadi kwenye kichwa cha injini, katikati ukiwa na vali ya umeme. Mfumo huo ukifanya kazi wakati unapima, kipimo ni cha uongo. Uzibe kwa muda wa kazi, kisha urudishe ukimaliza. Na kuna mtego wa tatu, ambao wengi hawauamini mpaka uwapate: silinda ikikosa kuungua, oksijeni yote hutoka kama ilivyoingia. Sensa itaonyesha mafuta kidogo sana, ilhali ukweli ni kwamba yamezidi mpaka yamelowesha plagi. Ukiona kipimo kinapanda, yaani kinadai mafuta ni kidogo, huku injini ikitetemeka na kukatakata, usiongeze mafuta. Tafuta cheche.

Kuhusu sensa yenyewe, ile iliyokuja na pikipiki kwa kawaida haitoshi. Huruka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, na inajua jambo moja tu: uko juu au chini ya mstari ambapo hewa na petroli vinalingana, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli isiyo na ethanoli. Umbali wako kutoka kwenye mstari huo haiujui vizuri. Lakini injini ikivutwa kwa nguvu huhitaji mafuta zaidi ya hapo, karibu 13 kwa 1, na huko ndiko unakotaka kupima. Utahitaji waidibandi, sensa inayopima na umbali huo, mathalani Bosch LSU 4.9 pamoja na kidhibiti chake. Kitako chake huchomelewa kwenye bomba kwa nyuzi za milimita 18, na sensa ikae imeinama, kichwa cha waya kikiwa juu, angalau digrii 10 kutoka usawa, ili maji ya mvuke yasitulie ndani. Ina hita yake na huharibika haraka ikiachwa kwenye moshi bila umeme. Upande mwingine, ukiiwasha muda mrefu kabla ya injini kwenye bomba baridi lenye unyevu, tone la maji laweza kuipasua. Iwake pamoja na injini.

Kama utaiunganisha na ECU au kifaa cha kurekodi kwa waya wa volti, angalia nyaya za ethi, zile za upande hasi. Chukua mfano wa kidhibiti ambacho volti 0 hadi 5 humaanisha kilo 10 hadi 20 za hewa kwa kilo 1 ya petroli: tofauti ya volti 0.1 tu kati ya ethi mbili inakupa kosa la 0.2. Hilo halitaonekana kama hitilafu. Litaonekana kama injini inayohitaji kusetiwa.

Baada ya hapo ijue ECU yako. Baadhi zinaweza kusomwa na kuandikwa upya moja kwa moja. Nyingine zimefungwa, na watu hutumia kisanduku cha kati kinachobadilisha ishara ya nozeli. Wapo pia wanaoondoa ECU ya kiwandani na kuweka ya kujitegemea kama MegaSquirt au Speeduino. Jina la modeli pekee halitoshi. Soma namba iliyochapwa kwenye ECU yenyewe, maana modeli ileile ya mwaka tofauti yaweza kuwa na kifaa kingine kabisa. Plagi ya uchunguzi nayo hutofautiana kati ya watengenezaji, ingawa pikipiki nyingi mpya zinafuata plagi ya pamoja ya kiwango cha ISO 19689. Usinunue kebo kabla ya kujua kama ECU yako inazungumza kwa K-line au kwa CAN, njia mbili tofauti za mawasiliano. Nikiwa na fedha ya kitu kimoja kizuri tu, ningeitumia kwenye waidibandi, lakini kebo isiyoaminika ningeikataa hata kwa bure, kwa sababu ndiyo inayobeba faili wakati wa kuflashi, yaani kuandika ramani mpya ndani ya ECU.

Kuflashi kunahitaji utulivu wa umeme. ECU ikipoteza umeme katikati ya kuandikwa inaweza kubaki bila programu kamili, na pikipiki isiwake tena mpaka ifufuliwe mezani kwa vifaa ambavyo huna. Betri iliyojaa ikiwa imetulia husoma takriban volti 12.6. Ufunguo ukiwa umewashwa kwa dakika nyingi, taa ya mbele inaila haraka, kwa hiyo toa fyuzi ya taa na unganisha chaja inayotoa umeme tulivu. Laptopu nayo iwe kwenye chaji, usingizi wa skrini na wa mashine uzimwe, masasisho yasimamishwe, na draiva za kebo ziwe zimejaribiwa siku moja kabla kwa kusoma tu, bila kuandika. Waya wa USB usipite mahali ambapo mguu wako unaweza kuunasa.

Faili la kwanza kuligusa ni lile la asili, na hulibadilishi. Lisome kutoka kwenye ECU mara mbili, ulinganishe nakala hizo mbili. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, kebo au umeme una shida na kazi inasimama hapo. Zikilingana, hifadhi nakala moja kwenye laptopu na nyingine nje yake. Kila faili jipya lipe jina lenye tarehe na jambo lililobadilika.

Sasa fikiria utarekodi nini. ECU nyingi hujisahihisha zenyewe kwa kutumia sensa ya kiwandani unapotembea mwendo wa wastani. Usipozima usahihishaji huo kwenye eneo unaloseti, utakuwa unavutana kamba na kompyuta. Injini ipate joto lake la kawaida kwanza, maana ikiwa baridi ECU huongeza mafuta kwa makusudi. Ukiachia resi ghafla, nozeli hukatwa na kipimo hupaa hadi mwisho. Hayo si ya kusahihisha, yachuje. Na kati ya mafuta kuungua na moshi kufika kwenye sensa kuna kuchelewa kidogo, hivyo resi iliyoshikwa imara kwa sekunde kadhaa ina thamani kuliko dakika nyingi za kuvuta na kuachia. Jaza petroli ya aina moja kwa kazi yote, kwa sababu yenye ethanoli asilimia 10 hulingana na hewa karibu 14.1 badala ya 14.7.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha namba iliyopo kwa kipimo ulichopata, kisha gawanya kwa lengo lako. Kisanduku chenye 60, kipimo 14.3, lengo 13.0, kinakupa 66. Mimi huenda nusu ya njia kwanza, yaani 63, kisha napima tena. Ukiona hesabu inataka kuongeza robo nzima mahali pamoja, rudi kwenye gaskiti na mipira kabla ya kuamini. Angalia pia uwezo wa nozeli: injini ya mapigo manne kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika ina milisekunde 12 tu kwa kila duru kamili ya kazi. Nozeli inayofunguliwa zaidi ya asilimia 85 ya muda huo imefika ukingoni, na hakuna namba itakayoiongezea.

Taimingi ya cheche iache. Mafuta yakikosewa kidogo utaona kwenye kipimo. Cheche ikitangulia mno, injini hugonga ndani kwa ndani, na kwa kofia kichwani na upepo masikioni hutasikia mpaka pistoni imetoboka. Hiyo ni kazi ya dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya injini, na mtu mwenye vifaa vya kusikiliza kugonga huko.

Mahali pa kazi pawe wazi. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na mlango ulioachwa nusu hautoshi. Toa pikipiki nje. Weka feni kubwa mbele ya rejeta au mapezi ya injini, na mtungi wa kuzimia moto upande usio na tangi. Pikipiki ikiwa kwenye stendi injini haina mzigo, kwa hiyo hapo unaweza kuseti muungurumo wa kusimama na eneo dogo juu yake tu. Visanduku vingine vinahitaji barabara tupu inayoruhusiwa au uwanja uliofungwa, laptopu au kirekodi kikiwa kimefungwa kwenye begi mgongoni, skrini ikiwa imefunikwa. Namba husomwa ukiwa umesimama. Zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho kabla ya kuondoka, uone kama kuna waya unaovutika au unaogusa ekzosi.

Uliza pia mapema kama pikipiki iliyobadilishwa ramani inaruhusiwa barabarani unakoishi, na kama bima na dhamana yako vitaendelea kuitambua.

Andika mwanzoni, kwenye karatasi, mambo yatakayokufanya uzime injini bila kubishana na nafsi yako: kipimo kinachovuka 14 resi ikiwa imevutwa kabisa, joto linalopanda kupita kawaida, sauti ya kugonga, taa ya hitilafu, harufu ya petroli mbichi. Karatasi hiyo ibandike juu ya tangi. Kisha washa chaja, washa ufunguo, na usome faili la asili.