Kuifuatilia familia ya Kiholanzi iliyohamia Australia baada ya vita

Kazi hii huanzia mwisho. Wengi hukimbilia Uholanzi kutafuta kijiji alikozaliwa babu, kisha hukwama: cheti cha kuzaliwa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100, cha ndoa baada ya 75, cha kifo baada ya 50. Watu waliopanda meli katika miaka ya 1950, wakati nyumba zilikuwa haba na serikali yenyewe ikiwahimiza raia kuhama, wengi wao bado wamo ndani ya miaka hiyo. Australia majalada mengi ya kipindi hicho yako wazi tayari. Anzia pale familia iliposhuka melini, kisha rudi nyuma.

Kabla ya kugusa kompyuta, kaa na mzee wa familia umuulize mambo matatu: mwaka wa kufika, meli, na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Uliza pia kama lile sanduku kubwa la mbao, Waholanzi huliita kist, bado liko stoo au gereji. Familia zilipakia humo samani na vyombo vya nyumba nzima, na mara nyingi ubavuni pamepakwa rangi jina la ukoo na bandari ya kushukia. Piga picha maandishi hayo hata kama yamefifia.

Sasa majina. Hapa ndipo utafiti mwingi hufia. Mwanamke wa Kiholanzi hubaki na jina la ukoo wa baba yake katika hati rasmi maisha yake yote, lakini Australia aliandikwa kwa jina la mume. Mke wa Bwana van der Meer aliyezaliwa Dijkstra atakuwa Dijkstra kwenye hati za Uholanzi, Van der Meer kwenye za Australia, na Van der Meer-Dijkstra kwenye barua na matangazo ya msiba. Mtafute kwa yote matatu. Uholanzi hupanga majina kwa neno kuu, kwa hiyo van der Meer yuko kwenye M. Australia yuko kwenye V, pengine yameunganishwa kuwa Vandermeer. Herufi ij hugeuka y: Dijkstra akawa Dykstra. Majina ya kwanza nayo yalibadilika, Johannes akawa John, Hendrik akawa Henry. Tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kuzikisia, uipitie moja baada ya nyingine. Majina yakikugomea, tafuta kwa tarehe ya kuzaliwa. Hiyo kwa kawaida haikubadilishwa na karani.

Ukishapata mwaka, ingia RecordSearch, mfumo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Australia. Meli nyingi kutoka Rotterdam na Amsterdam zilipita Mfereji wa Suez na kutia nanga kwanza Fremantle, magharibi, hata kama abiria walikuwa wakielekea Melbourne au Sydney. Ndiyo maana mfululizo (kundi la nyaraka) K269, wenye orodha za abiria wa Fremantle, una thamani kubwa: mara nyingi humo mna majina ya walioshukia mbele pia. Usitegemee utafutaji wa jina peke yake. Tafuta meli kwa jina lake (Sibajak, Johan van Oldenbarnevelt, Waterman, Groote Beer, Zuiderkruis), chagua safari ya mwezi unaoushuku, na usome ukurasa kwa ukurasa. Safari ilichukua takriban majuma matano. Isipokuwa mfereji ulipofungwa mwishoni mwa 1956 hadi 1957: meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na hesabu ya tarehe ya kuondoka hubadilika. Ukikosa kabisa, kumbuka KLM, shirika la ndege la Uholanzi, nayo ilileta wahamiaji kwa ndege.

Familia iliyolipiwa na serikali sehemu ya nauli huenda ilipitia kambi ya wahamiaji ya Bonegilla, jimbo la Victoria, iliyofanya kazi kuanzia 1947 hadi 1971. Kadi zake zimo katika mifululizo A2571 na A2572. Kadi ni ndogo, lakini soma kila kona: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na alikopelekwa mtu. Hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha mji wa kuanza kutafuta shule, kanisa na kazi.

Majalada mengine yatakuwa na alama kwamba hayajachunguzwa bado. Hiyo haimaanishi kwamba yamekataliwa. Omba yachunguzwe; sheria inaipa Hifadhi siku 90 za kazi. Omba mapema, uendelee na mengine.

Upande wa Uholanzi, Nationaal Archief, hifadhi ya taifa ya nyaraka mjini Den Haag (The Hague), ina kadi ambazo ofisi za ubalozi ziliwaandikia wahamiaji wa Australia, na faharasa yake iko mtandaoni. Kisha kuna persoonskaart, kadi ya mtu mmoja mmoja iliyotumika kuanzia 1939 hadi 1994, ambayo nakala zake hutolewa na CBG, kituo cha Uholanzi cha historia ya familia. Kosa la kawaida ni kuomba kadi ya mhamiaji mwenyewe. Kadi zinazotolewa ni za waliofia Uholanzi. Kwa hiyo omba ya baba yake aliyebaki. Humo utakuta anwani zote alizohamia, kazi yake, dini, na watoto wake kwa tarehe za kuzaliwa. Usiipuuze dini: NH ni Kanisa la Hervormd (la Kiprotestanti), RK ni Katoliki. Watu wa kanisa moja walifuatana. Sehemu moja ya Kingston, Tasmania, ilijaa watu wa Groningen, mkoa wa kaskazini mwa Uholanzi, wa Kanisa la Reformed (Waprotestanti wengine, si wa Hervormd) hadi ikaitwa Groningen Ndogo.

Kama ukoo unatoka Middelburg, jiandae: moto wa Mei 1940 uliteketeza nyaraka nyingi za mkoa wa Zeeland.

Familia zilizotoka Indonesia, koloni la zamani la Uholanzi, zina ugumu wa pekee. Zilihojiwa wakati sera ya Australia bado ilipendelea weupe, na kwenye jalada la uteuzi wa wahamiaji unaweza kukuta afisa ameandika maoni kuhusu rangi ya ngozi ya mtoto. Ukipata jalada kama hilo, nakili kwanza namba ya mfululizo na namba ya jalada. Kisha lisome lote ukiwa peke yako, kabla hujaamua namna ya kumfikishia mzee ambaye jina lake limo humo.