Ukialikwa siku ya kuanzishwa kwa ushirika Rungwe

Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe, mkoani Mbeya, mwaka 1891, kwa hiyo siku ushirika (kundi la waumini wa kanisa hilo) unapoanzishwa, wazee wa huko wanaishika kwa moyo. Ushauri wangu: fika siku moja kabla. Anayekuja ibada ikishaanza anaona sherehe tu. Aliyelala kijijini amemenya ndizi na akina mama mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na hapo ndipo anaposimuliwa habari za mababu. Ukipewa kisu, kaa umenye.

Beba sweta na mwamvuli hata kama Mbeya mjini umeacha jua. Mvua ya Tukuyu, mji wa huko Rungwe, haipigi hodi. Sukari uliyobeba kama zawadi mkabidhi mama mwenyeji mkononi. Chakula kikija, shukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo." Wanafurahi mno.