Una mswada umelala kabatini? Hivi ndo unaupeleka kwenye tuzo ukiwa hukuhuku Mwanza

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Igoma kanifuata home na mswada wa riwaya, karatasi mia na kitu kazibana na lastiki mbili, af ananiuliza "ticha, hii naipeleka wapi nishinde?" Nikamwambia kaa kwanza tunywe chai, maana hilo swali lina mambo mengi ndani yake na mengi mi mwenyewe niliyajua baada ya kuumia.

Cha kwanza ujue unampelekea nani. Watu wengi huku wanachanganya BAKITA na BASATA, na ukiwaambia kuna TET ndo wanapotea kabisa. BAKITA lipo tangu 1967 na kazi yake ni lugha yenyewe, kusanifu maneno, kusimamia tafsiri, kukagua Kiswahili cha vitabu. BASATA ni la wasanii, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, kwaiyo kama unaimba au una kikundi cha ngoma we nenda huko, anza na afisa utamaduni wa halmashauri yako akuelekeze kujisajili, na zile tuzo za muziki za TMA ndo nyumbani kwake. Ila kama una riwaya au mashairi mlango wako mkubwa ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hiyo inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yani TET haohao wa mitaala ya shule. Kwa mara ya kwanza ilitolewa 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, ikaanza na riwaya na ushairi, baadaye zikaongezwa hadithi za watoto na tamthiliya. Mshindi wa kwanza alipewa milioni 10, na kikubwa zaidi kwangu mi ni kwamba mswada unachapishwa na unaingia shuleni. Hela inaisha bana, ila kitabu kikishafika kwenye maktaba ya shule huko Sengerema hakiondoki.

Mlango wa pili ni ile tuzo ya Kiswahili iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, siku hizi inaitwa Safal-Cornell. Hii haiangalii uraia, mkenya, mtanzania, hata mjapani ilimradi kaandika kwa Kiswahili. Ushindani wake ni mkali kwasababu wanaingia mpaka watu wenye vitabu vingi tayari, ila usiogope, miswada ambayo haijachapishwa inapokelewa.

Na kabla hujauliza, maana dogo aliuliza: hapana, Nobel huombi. Tangu Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, apate ile ya fasihi mwaka 2021 kila mtu anataka anuani ya Stockholm. Ile inatolewa na Akademia ya Sweden, watu 18 tu, iliundwa na mfalme wao mwaka 1786, na huruhusiwi kujipendekeza mwenyewe, lazima upendekezwe na watu wenye sifa kama maprofesa wa fasihi au washindi waliopita, na majina ya waliopendekezwa yanafichwa miaka 50. Wafaransa nao wana akademia yao tangu 1635, viti 40, ukikalia umekalia mpaka kufa na bado wanaitwa wasiokufa. Sisi hatuna kitu cha hivo, tuna mabaraza na taasisi, na uzuri wake ni kwamba huku kwetu unatuma mwenyewe, huhitaji kujuana na profesa yeyote.

Haya, tangazo likitoka lisome lote. Sio lile lililopigwa picha likatumwa kwenye grupu la WhatsApp limekatwa chini, nenda kwenye tovuti ya wenyewe ulidaunlodi. Lisome na kalamu mkononi, piga mstari chini ya idadi ya maneno, aina ya fonti, tarehe ya mwisho, na sharti kuhusu kazi kuwa imeshachapishwa au la. Hilo la kuchapishwa linawatoa watu wengi, mtu karusha sura kumi zote Facebook anasifiwa na laiki mia tatu af anashangaa kuulizwa. Sheria hubadilika mwaka hadi mwaka kwaiyo usitumie tangazo la mwaka juzi.

Sasa jina. Hapa naomba nikae kidogo maana ndipo nilipoangukia mimi. Kuna shindano, sitalitaja, nilituma mashairi yangu 60 niliyoyafanyia kazi miaka minne, sikusikia kitu. Baadae sana nikaja kuambiwa na mtu aliyekuwa karibu na mambo hayo kwamba kazi zilizokuwa na jina la mwandishi ndani ziliwekwa pembeni hata hazikufika kwa majaji. Nikafungua faili langu. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimefuta jina vizuri kabisa, najisifu, kumbe kule juu ya kila ukurasa kuna kamstari kadogo ka kijivu kanasema jina langu na namba ya simu, kaliwekwa na binti wa steshenari aliyenichapia, kwake ilikuwa ni ustaarabu ili karatasi zisipotee. Kurasa 74, jina mara 74.

Kwaiyo fanya hivi: fungua Word, angalia juu na chini ya ukurasa, futa kila kitu isipokuwa namba za kurasa. Futa shukrani, yani ile "namshukuru mama yangu fulani wa Nyegezi" weka faili la pembeni. Alafu bonyeza File, nenda Info, utaona palipoandikwa Author, hapo nako kuna jina, na kama umechapiwa steshenari utakuta jina la duka ndo mwandishi wa riwaya yako. Litoe, save, ndo ugeuze kuwa PDF. Faili lenyewe liite jina la kazi, sio jina lako. Jina lako kamili, namba ya NIDA na simu vinakaa kwenye fomu tu.

Lugha. Wasukuma wenzangu tusidanganyane, R na L zinatumaliza. Mswada wa dogo ukurasa wa pili tu mvuvi "akalusha wavu" na ukurasa wa tatu wavu huohuo "umeraliwa". Kompyuta haikusaidii maana "kula" na "kura" yote ni maneno halali. Tafuta mtu mmoja asiyekulia kanda ya ziwa, mpe kalamu nyekundu, mnunulie sato wa kuoka akimaliza. Ila usimruhusu afute kila neno la Kisukuma! Bibi wa kwenye hadithi akisema ng'wanawane anapomwita mjukuu mwache aseme, msomaji wa Lindi ataelewa kwa jinsi mjukuu anavyokimbia kuitika. Kinachoharibu ni pale we msimulizi unapochanganya bila kujua, na pia pale unapoandika Kiswahili cha hotuba ya mgeni rasmi eti ndo sanifu. Wavuvi wa Kirumba hawaongei hivo saa kumi alfajiri wakiwa na dagaa kwenye mtumbwi.

Usisubiri pia mpaka mswada uwe msafi kabisa. Aniceti Kitereza wa pale Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, wachapishaji hawakutaka lugha ndogo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na ikatoka kitabu 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Miaka 35. Na yeye hakuwa na barua pepe wala tuzo ya kutuma.

Kutuma ni siku tatu kabla ya mwisho, sio usiku wa mwisho. Umeme wetu unaujua, na mtandao wa tovuti siku ya mwisho unakuwa mzito kama kivuko cha Kamanga siku ya sikukuu. Ukishatuma piga skrinshoti, jitumie na we mwenyewe kopi kwenye imeili, flashi usiiamini, flashi za mjini zina virusi kuliko choo cha stendi. Ukiona tuzo inadai kiingilio kitumwe kwenye namba ya mtu binafsi achana nayo. Kazi yako pia unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, na ukishinda soma mkataba wa uchapishaji neno kwa neno hata kama mkono unawasha kusaini.

Alafu endelea na maisha, anza kuandika kingine, maana miezi ya kusubiri ni mingi na hakuna anayekupigia kukwambia umekosa.

Dogo kanirushia faili jana usiku. R na L kazinyoosha karibu zote, sura ya tatu kaiandika upya na imekuwa tamu kweli, ile ya mama anayekaanga sangara huku anahesabu deni. Nikashuka mpaka chini ya ukurasa: "Mali ya" na jina lake, na namba ya simu.