Unaenda Inari, kule juu kabisa Ufini? Soma hii kabla hujapaki begi

Aisee kila nikisema nimeshafika Inari mtu anadhani ni kijiji cha Singida, sasa ngoja niandike mara moja maana nina wadogo zangu wawili wanajipanga kwenda na nimechoka kurudia maelezo kwenye simu.

Inari ni halmashauri, iko kaskazini kabisa mwa Ufini, huku Norwei huku Urusi. Ndo kubwa kuliko zote nchini kwao, zaidi ya kilomita za mraba 17,000, ila watu ni kama 7,000 tu. Mkoa wetu wa Dar una kilomita za mraba 1,393 na sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 5.38, na ziwa lao peke yake lina kama 1,040, yaani ukiizamisha Dar mle inabaki robo tu nje. Wote mnawaza baridi lakini mimi kilichonitesa ni umbali, kwa hiyo jipangeni na umbali kwanza.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, usingoje mpaka hapo. Bima ya matibabu iwe inalipa angalau euro 30,000, na hapo usitafute ya kuzugia, hospitali kubwa iko Rovaniemi, karibu kilomita 300 kutoka Ivalo. Ivalo kuna kituo cha afya tu.

Kutoka Helsinki unaweza kupanda ndege mpaka Ivalo, saa moja na nusu hivi umefika, au kama mfuko umekaza unapanda treni ya usiku mpaka Rovaniemi halafu basi. Ni mbali kama Dar na Mwanza. Sasa sikia, Ivalo ndo kwenye uwanja wa ndege na maduka, ila kijiji chenyewe cha Inari kipo mbele kama kilomita 40, ukibuki chumba angalia vizuri kiko wapi. Mimi nilishuka kituoni nikijua japo bodaboda itakuwepo, basi likaondoka, nikatoa simu ikiwa na chaji asilimia 60 ikazima hapohapo kwa baridi, nikabaki mimi na theluji mpaka mama mmoja akasimamisha gari akanichukua. Ratiba ya basi andika kwenye karatasi, simu weka mfuko wa ndani karibu na mwili, na namba ya dharura ni 112.

Nguo usinunue mpya, nenda soko la mitumba la Karume asubuhi wakati wanafungua mabelo, makoti ya theluji yapo mengi na muuzaji mwenyewe anashangaa atamuuzia nani. Ndani vaa sufu, sio pamba, pamba ikishika jasho inakugandisha. Buti ziwe kubwa kidogo soksi mbili ziingie, ukibana vidole umekwisha.

Halafu kuna hili la saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, sasa kule Desemba mpaka mapema Januari jua halichomozi kabisa, wanaita kaamos, na kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Julai halizami. Nilimpigia bi mkubwa nikamwambia ni saa sita mchana na nje bluu kama alfajiri, akaniambia nimelogwa. Sio giza totoro lakini, theluji inamulika na mchana kuna mwanga wa bluu masaa kadhaa. Tofauti ya saa na Dar ni moja tu wakati wa baridi, kiangazi hakuna kabisa. Kwa Waislamu, kabla hujaondoka muulize sheikh wako kuhusu sala na funga, wapo wanaofuata muda wa Makka na wapo wanaofuata mji wa karibu, usisubiri ufike ndo uanze kubishana na jua. Wanaotaka zile taa za angani za kijani waende kati ya Septemba na Machi, kiangazi usiku mweupe hutaona kitu.

Chakula bei imechangamka, beba unga wako, ila nyama na maziwa usithubutu, forodha ya Ulaya hairuhusu.

Wenyeji wa asili ni Wasaami, na Inari ndo halmashauri pekee Ufini yenye lugha rasmi nne, Kifini na Kisaami cha aina tatu. Anza na jumba la makumbusho la Siida. Wanafuga poro, mnyama kama swala mnene mwenye mapembe, utawakuta barabarani wamesimama kama ng'ombe wa Chalinze, ukiendesha punguza mwendo, na ukimgonga unapiga hiyohiyo 112. Sasa usije ukamuuliza mfugaji ana poro wangapi, mimi niliuliza kwa uchangamfu wetu wa Kibongo, mzee akaniangalia, akanimiminia kahawa, akaanza kuongelea hali ya hewa. Baadae kijana wake ndo akanifafanulia kwamba nimemuuliza baba yake benki ana shilingi ngapi.